Stroberi Zilizoliwa na Ugali

Kwa kuwa rafiki yangu ameshaisambaza habari hii katika kundi letu la WhatsApp, tena kwa kutia chumvi mahali ambapo chumvi ilikuwa tayari inatosha, nimeona ni heri niieleze mwenyewe kabla haijafika Chunya. Hayo anayoyasema kwamba nililia mezani ni uongo. Nilipaliwa, na mtu aliyepaliwa hutokwa na machozi hata kama ana heshima zake.

Mnaonifuatilia mnaufahamu mradi wenyewe, maana niliwachosha nao tangu mvua zilipokuwa zinaelekea ukingoni. Wenye haraka hupanda stroberi kwa miche inayojichipukia kwenye vile vikonyo virefu vinavyotambaa kutoka kwa mmea mama. Mimi nilitaka kuanzia kwenye mbegu, kama mtu anayejenga nyumba kwa kufyatua matofali mwenyewe. Nilikwangua kwa wembe ngozi ya stroberi nilizoletewa kutoka Iringa, nikavikausha vile vipunje juu ya karatasi, nikavikunja ndani ya tishu yenye unyevu na kuviweka kwenye friji kwa wiki kadhaa, kwa sababu baridi ndiyo inayoziamsha mbegu hizo. Mama mwenye nyumba aliniuliza kwa nini natumia umeme kutafuta baridi hapa Uyole. Nilimjibu kwa upole wa kitaalamu, kisha nikamwongezea somo ambalo hakuliomba: kwamba kila kipunje kilicho juu ya stroberi ni tunda kamili lenye mbegu ndani yake, na ile nyama nyekundu tunayoitamani ni kitako cha ua kilichonenepa. Aliondoka akisema kwamba ameacha maharage jikoni.

Udongo niliuchota nyuma ya zizi la jirani, nao ulikuwa mweusi na laini kiasi cha kumtia mtu tamaa. Niliujaza kwenye vikopo vya mtindi, nikavipanga dirishani, nikatawanya mbegu juu bila kuzifukia, kwa kuwa zinahitaji mwanga ili ziote. Vitabu husema kwamba stroberi huchukua wiki mbili hadi sita kuota. Zangu zilichomoza ndani ya wiki moja, nami nikatangaza katika kundi kwamba mkono wangu una baraka.

Rafiki yangu huyuhuyu ndiye aliyepita siku moja, akaangalia, akasema kwamba stroberi alizowahi kuziona zilikuwa na majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, yenye meno pembeni kama msumeno, ilhali haya yangu yanaota moja moja. Ndugu zangu, nilikuwa na jibu. Nilimweleza kwamba stroberi tunayoijua leo ni chotara, kwamba mzazi mmoja alisafirishwa kutoka Chile mwaka 1714 na Mfaransa aliyeitwa Frézier, kwamba mzazi wa pili alitoka Amerika ya Kaskazini, na kwamba wawili hao walikutana katika bustani za Ufaransa. Mbegu ya chotara, nikamalizia, haimfuati mzazi wake. Kila neno nililolisema lilikuwa la kweli. Rafiki yangu alinyamaza, akalipia miche miwili palepale, na wenzake katika kundi wakafuata.

Lilipochanua ua la kwanza, sikubakiwa na shaka hata chembe: petali tano nyeupe, kiini cha njano, sawasawa na picha za stroberi. Nililipiga picha kutoka pande zote kama bibi harusi.

Kisha mama akaja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi.

Jumamosi hiyo nilishinda kazini. Nilirudi mchana nikiwa na huyo rafiki, ambaye alikuja kuangalia maendeleo ya miche yake, lakini mama hakuturuhusu kufika dirishani kabla ya kula. Tulinawa, tukaketi. Palikuwa na ugali unaofuka moshi, maharage, na bakuli la mboga ya majani iliyoungwa kwa maziwa. Nilimega tonge, nikalibonyeza, nikaichota ile mboga, na ule uchungu mdogo unaokuja mwishoni mwa ulimi ukanikumbusha utoto wangu wote. Rafiki yangu aliongeza mara ya pili bila kukaribishwa. Nikasema, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, kwamba mboga ya Mwanjelwa siku hizi imekuwa nzuri sana.

"Mwanangu, sikwenda sokoni," mama akasema. "Nimechuma hii yako ya dirishani. Ilikuwa imeanza kutoa maua, ingekomaa bure."

Nikainua macho polepole. Kwanza niliona pazia, likipepea. Chini ya pazia nikaona vikopo vyangu vya mtindi katika mstari wao uleule, na ndani ya kila kikopo kisiki cha kijani kilichokatwa kwa unadhifu, kwa mkono wa mtu anayejua kuchuma mboga. Tonge lilikuwa mdomoni. Kulitema mbele ya mama haiwezekani, na kulimeza kulikuwa ni kumeza fedha za watu. Hapo ndipo nilipopaliwa. Nilisimama, nikishika kifua, machozi yakinitoka (ya kupaliwa), nikatamka: "Mama, umetupikia stroberi!"

Rafiki yangu aliacha kutafuna. Akauliza, shavu moja likiwa limejaa, kama majani ya stroberi yana sumu. Nami, katikati ya msiba, bado nilipata nafasi ya kumfahamisha kwamba yako mataifa ambako majani hayo huchemshwa na kunywewa kama chai.

Mama hakusema kitu. Alifuta mikono kwenye khanga, akaenda dirishani, akarudi na kitawi alichokuwa amekisahau nyuma ya kikopo cha mwisho. Kilikuwa na kishada cha vitunda vidogo vya mviringo, vya kijani, na kimoja kilichokwisha kuwa cheusi. Alikibinya kile cheusi mbele ya pua yangu, kikatoa maji ya zambarau.

"Hii ndiyo stroberi?"

Ilikuwa ni mnafu. Mnafu wa kawaida kabisa, uliokuja na udongo wa zizini, ambao nimeula tangu sijaota meno, na ambao ua lake, nawaombeni mkalitazame vizuri, lina petali tano nyeupe na kiini cha njano.

Mengine yalikwenda haraka. Rafiki alipiga picha visiki kabla hata ya kunawa, jina la kundi likabadilishwa jioni ileile, nami nikatangaza kwamba nitarudisha fedha za kila aliyelipia. Hakuna aliyezitaka. Wamekubaliana, bila kunishirikisha, kwamba deni lilipwe kwa mafungu ya mnafu, na Jumamosi ijayo naanza na mama mwenye nyumba, ambaye ametuma ujumbe kwamba wake uje umeshachambuliwa.