Sijafuta Harusi ya Mtu, Nimefuta Keki

Kwa kuwa mtani wangu ameshasambaza kuanzia Shangani mpaka Mikindani, huku kwetu Mtwara, kwamba "jamaa kafuta harusi ya mtu", na mimi naomba kusikilizwa. Harusi ipo. Kilichopotea ni vipande vipande tu, na keki. Keki tutaifikia.

Mnaonifuatilia mnanijua: usiku nahangaika na draiva (programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na vifaa vyake) za kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, mchana nashinda studio kwa mjomba, kwenye video za harusi na unyago. Juzi mjomba kanunua kadi ya kuongezea poti, yaani matundu ya kuchomekea diski, ya bei chee. Kadi ina poti 6. Ila kompyuta ikiiuliza, inajibu kwa kifua mbele kwamba ina poti 32. Ndiyo yule bwana anayekwambia ana mikorosho 32 Newala, ukifika unakuta sita na mbuzi. Sasa draiva nayo haijui kumdharau mtu. Inabisha hodi kote, inasubiri ijibiwe na poti ambazo hazipo, na ming'oko inaiva mashine haijawaka.

"Mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa wote wanaitana mjomba, msichanganyikiwe), "si unajidai unaijua kompyuta mpaka utumbo? Tengeneza."

Nikaingia kwenye msimbo wa draiva. La kwanza, nikaiambia draiva isihesabu zaidi ya poti 6. Hilo lilikuwa sawa kabisa na ninalisimamia mpaka leo. La pili, kwa tamaa tu, nikapunguza muda wa kuisubiri diski iamke. Nikawasha upya. Mashine ikawaka chapuchapu, mjomba akapiga makofi, mimi nikaanza kutembea kwa mabega.

Ikabaki kujaribu kuandika kwenye diski. Poti ya kwanza kulikuwa na diski yangu ya mazoezi, kizee inayokoroma kama jenereta. Poti ya pili, diski ya mjomba yenye harusi za msimu mzima. Na msimu wa korosho mnaujua: hela ikitoka mnadani, watu wanaoa. Siku zote kompyuta ya mazoezi inaiita sdb, ya mjomba inaiita sdc. Siku zote!

Kwenye benchi alikuwa amekaa mama mzazi wa bibi harusi, kafuata video yake. Nikamwambia, "Mama, dakika tano tu, najaribu draiva." Akanitazama kwa huruma. "Kumbe wewe ni dereva, baba? Wa gari gani?"

Nikapiga amri ya kujaza sifuri kwenye sdb, ile inayofunika kila kilichomo. Enta.

Hapa naomba twende polepole, maana mimi kila usiku naenda polepole.

Namba zikaanza kupanda. Kizee changu hakijawahi kuzidi megabaiti 60 kwa sekunde. Leo naona 180. Nikafuta macho. 180! Nikageuka kwenye kiti, nikamwambia mjomba mbele ya mteja, kwa sauti ya mgombea udiwani: "Nimeongeza kasi mara tatu." GB 2. Mama akasogea, kanga kaitupia begani, akaelekeza kidole kwenye skrini.

"Hiyo namba inayopanda ndiyo video yangu?"

"Ndiyo mama," nikamjibu, ilimradi tu atulie. "Inakuja."

Jamani. Katika maisha yangu sijawahi kusema ukweli mkubwa namna ile bila kujua.

GB 4. Nikapiga skrinishoti, nikamtumia mtani kwa WhatsApp: "Ona kazi ya mikono yangu." GB 6. Mjomba anamweleza mama kwamba mpwa wake huyu shida yake ni kazi tu hajapata. GB 7. Kuna kitu kinanisumbua na sikijui. Kimya. Chumba kimya mno. Kizee hakikoromi. Simu ikatetemeka, mtani kajibu: "Kasi nzuri. Hiyo diski ipi?"

Jasho likatoka mpaka kwenye kope. Mkono ulivyofika kwenye kibodi kusimamisha, GB 9 zilikuwa sifuri tupu.

Kumbe majina yale ya sdb na sdc hapewi mwenye cheo, anapewa aliyewahi. Kizee changu kinachelewa kuamka, na subira nimeikata mwenyewe. Kerneli ikaona hakuna mtu, ikasonga mbele, diski ya mjomba ikadaka sdb. Kizee kikaja baadaye kinahema, kikapewa sdc. (Ndiyo, najua kuna namna ya kuiita diski kwa namba yake ya kiwandani. Nimeshaambiwa na watu kumi na moja. Wewe utakuwa wa kumi na mbili, karibu.)

Mama nilimwambia umeme umeleta shida. Hapa kwetu hilo halihojiwi.

Yaliyofuata nayapitia mbio. Nakala ya jedwali la partisheni, yaani ramani ya diski ilivyogawanywa, kwa diski ile ilikuwepo pia mkiani, ikanisaidia. Video nyingi zikarudi, ila bila majina, namba tu. Kwa hiyo mimi na mjomba tumekesha siku mbili tunaangalia harusi za watu, tunabishana huyu shemeji ni wa harusi ipi. Nimeona watu wakitunzana hela mpaka ndotoni naona noti. Harusi ya yule mama tuliipata, kasoro pale binti anapomlisha mama yake keki. Pale pana sifuri. Muda wa kusubiri nimeurudisha ulivyokuwa, na mjomba hajanisemesha tangu Jumatatu.

Nilikuwa nataka niishie hapa, ila simu imeita sasa hivi. Ni yule mama wa kwenye benchi, wa Mikindani. Anasema video ameiona na ameifurahia sana, ila ana swali moja, huku nyuma nasikia ukoo mzima umenyamaza:

"Baba, huyu bwana harusi ni nani?"

Nampigia mjomba. Hapokei.