Picha ya Loiyangalani hailipwi kwa asante

Sisi watu wa Mombasa safari twazijua mbili tu, Lamu wakati wa maulidi na Dubai kwenda kununua vitu, sasa ukimwambia mtu waenda Marsabit, kule kaskazini mwa Kenya, atakuuliza kwani una kesi huko. Mamangu alidhani nimepewa transfa kazini. Nami nikaenda zangu, watu watano ndani ya Land Cruiser ya kukodi, Nairobi, Isiolo, mpaka Laisamis ambapo waacha lami washika kushoto, na kuanzia hapo kiuno chako si chako tena.

Kabla hujaliona Ziwa Turkana wapita kwenye mitambo ya umeme wa upepo, ile 365, imesimama juu ya mawe meusi kama minazi iliyokatwa makuti ikabakishwa matatu matatu. Nilikuwa na kakiburi kidogo hapo, manake mapanga yale yalishushwa bandarini Kilindini kwetu ndo yakapandishwa malori hadi huko juu, kwa hivyo nikawa nawaelezea wenzangu kama vile niliyabeba mimi.

Loiyangalani yenyewe, tulikokuwa twaenda, ni kamji tu kando ya ziwa. Kuna chemchemi ya maji ya uvuguvugu, na kwenye chemchemi kuna mikoma, ndiyo, mikoma hii hii yetu, makoma yale tuliyokuwa tukiyatafuna utotoni mpaka meno yanauma. Wasamburu husema jina lake ni mahali penye miti mingi, na ukishapita yale mawe masaa yote hayo waelewa kwa nini miti michache yaitwa mingi. Joto la huko mtu wa Pwani atalivumilia, upepo ndo sikwambii. Sisi twajua kusi twajua kaskazi, lakini huu wa huko wateremka usiku kutoka mlima Kulal kama una deni na wewe, bati lapiga kelele mpaka asubuhi, halafu unatoka nje unaliona Ziwa Turkana limetulia hapo chini, kijani kijani, wasahau hukulala.

Sasa nije kwa lililonifanya niandike.

Siku ya pili tulienda Layeni, kijiji cha Waelmolo kando ya ziwa. Hawa ni wachache mno, sensa ya 2019 iliwahesabu 1,104 nchi nzima, yaani hata mtaa mmoja wa Kisauni hawajazi, na lugha yao ya asili ishawapotea, siku hizi waongea Kisamburu. Ni wavuvi, na wana vyombo vya magogo ya mkoma yaliyofungwa pamoja, mtu amesimama juu anatafuta samaki na mamba wako maji hayo hayo. Mimi kushuka garini tu, simu nje, nikaanza kupiga. Mzee mmoja akanijia polepole akaniambia kwa Kiswahili safi, "Dada, hiyo simu weka kwanza, tusalimiane."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Mimi! Mimi niliyelelewa kwamba ukipita barazani bila salamu habari zafika nyumbani kabla yako! Nikamwambia shikamoo mzee, nisamehe, akacheka, tukakaa, ndo akatueleza kwamba kuna pesa ya kijiji na ukimpiga mtu picha unamlipa yeye mwenyewe. Mwenzetu mmoja akaanza kunong'ona, ati utalii umewaharibu watu hawa, kila kitu pesa pesa.

Mimi hapo ndo nilipokataa, na mpaka leo nakataa. Kwani pale ufuoni Pirates, kwetu Mombasa, vijana wa ngamia hupigisha picha bure? Mgeni akikaa mgongoni mwa ngamia analipa, na sisi twaona ni riziki, hakuna anayesema kijana kaharibiwa. Hoteli hukuuzia ule upepo wa bahari, "sea view" eti, na watu walipa wakinyamaza. Lakini mvuvi wa Layeni akisema sura yangu ina bei, huyo ndo mwenye tamaa?

Na tuseme ukweli, watu wa upande ule washazoea kuchukuliwa vyao. Ile mitambo yaweza kutoa megawati 310, umeme wapandishwa kwenye nguzo hadi Suswa huko karibu na Nairobi, na sisi usiku ule Loiyangalani tulikula kwa taa ya sola. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi, ekari 150,000, hazikupatikana kihalali. Ziwa nalo, halina pa kutokea maji, miaka hii limepanda likameza nyumba na njia. Mtu kama huyo abakiwe na sura yake, hata hiyo nayo uichukue na "asante sana"? Toa pesa bwana.

Baada ya kulipa, tena bila kinyongo, ndo tulipozungumza hasa. Mzee alituonyesha wapi nyumba zilikuwa kabla maji hayajapanda, vijana wakatuchomea samaki, tukashinda huko hadi jua linazama. Yule mwenzetu wa kunong'ona ndiye aliyekula zaidi.

Mengine nayapitia haraka. Kuna makumbusho ya jangwa juu ya kilima, yalifunguliwa 2008, hayachukui muda na mandhari ya pale ni bora kuliko vitu vilivyomo ndani. Kisiwa cha Kusini, kilicho humo ziwani, twakiona tu kwa mbali, mwaka 1934 wazungu wawili wa msafara wa utafiti walivuka kwenda huko hawakuonekana tena, nahodha wa mashua akasema upepo leo si mzuri nami sikubishana naye. Kurudi tulipitia North Horr na Kalacha tukakata jangwa la Chalbi, lilikuwa ziwa zamani, sasa ni chumvi nyeupe imepasuka pasuka na kwa mbali waona maji ambayo hayako. Kalacha tulikuta Wagabra, wafugaji wa huko, wananywesha ngamia, wengi ajabu. Hapo nilisalimia kwanza.

Ukienda lala siku tatu, beba kitambaa cha kichwa na chenji za mia mia. Mwavuli uache Mombasa, wangu uko ziwani.