Lastiki ya soksi za shule: tushike urefu au tushike mkazo?

Kila Januari shule zinapofunguliwa, soksi nyeupe na za kijivu hujaa kwenye meza za Soko la Majengo hapa Dodoma. Chukua dazeni moja iliyofungwa pamoja, saizi moja, rangi moja, imetoka mashine moja. Zilaze mezani, linganisha shingo zake. Si ajabu kukuta moja ina upana wa vidole vinne na mwenzake anakaribia vitano. Ile nyembamba itamwachia mtoto alama nyekundu kwenye muundi. Ile pana itakuwa imelalia kiatu kabla ya mapumziko ya saa nne. Mzazi atasema lastiki ni feki. Mara nyingi lastiki ni ileile, ila imeingia mashineni ikiwa imekazwa hapa na kulegezwa pale.

Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, sare imebaki kuwa gharama ya mzazi, na soksi ni kipande cha sare kinachonunuliwa mara kwa mara. Dodoma nayo imekua: Serikali imehamia, mji umekuwa jiji mwaka 2018, shule zimeongezeka. Mtu mwenye mashine mbili au nne za soksi ana soko mlangoni kwake. Swali linalomkabili ni je, abaki na visahani na springi vya kubania uzi vilivyokuja na mashine, au aingie gharama ya kifaa cha kulisha lastiki, kile ambacho wenye mashine hukiita fida? Na kama ni fida, ya aina gani? Kwa sababu zipo za aina mbili, na kila moja inashika kitu tofauti.

Tuanze na lastiki yenyewe. Uzi wa pamba hukatika ukivutika asilimia chache tu. Spandeksi, uzi wa lastiki ambao Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont ya Marekani aliufikisha mahali pa kutumika mwaka 1958, na ambao wengi wanaujua kwa jina la biashara la Lycra, huvutika zaidi ya mara tano ya urefu wake kabla haujakatika. Kwa hiyo kosa dogo la mkazo, ambalo kwenye pamba hata hulioni, kwenye lastiki linageuka kuwa kosa kubwa la urefu. Kuna jambo jingine linalosahaulika. Uzi wa mwili wa soksi hufumwa kuwa vitanzi, na ukubwa wa kitanzi huamuliwa zaidi na kina ambacho sindano inashuka. Lastiki ya shingo haifumwi. Inalazwa tu, ikipita mbele ya sindano hii na nyuma ya ile. Hakuna chuma chochote mashineni kinachoupima urefu wake. Kinachoamua ni mkazo wake wakati inalala, basi.

Sasa angalia safari yake kutoka kwenye koni. Inapita kwenye tundu la kauri, inakata kona, inapita tundu la pili, inaingia kati ya visahani viwili vinavyobanwa na springi, ndipo inafika kwenye sindano. Kila kona inazidisha mkazo, haiongezi tu. Kipimo cha msuguano kati ya uzi na kauri kikiwa 0.3, kona moja ya digrii 90 inaupandisha mkazo kwa karibu asilimia 60. Lastiki iliyotoka kwenye koni na gramu 2, ikikata kona mbili za namna hiyo, inafika ikiwa na gramu 5. Msuguano ukipanda kutoka 0.3 hadi 0.4, inafika na gramu 7. Hakuna aliyegusa skrubu, hakuna aliyebadilisha koni. Tundu limechafuka tu.

Na kuchafuka Dodoma ni rahisi. Mvua zetu zikiisha mwezi wa Aprili, tunaingia kwenye miezi ya ukavu hadi Novemba, na katikati yake kuna upepo unaopeperusha vumbi la udongo mwekundu kutoka viwanja vya Kizota hadi dirishani kwako. Vumbi hilo likichanganyika na manyoya ya uzi na mafuta ya sindano, linaganda kwenye kauri kama ugoro. Hewa kavu nayo inaleta umemetuli kwenye nailoni na polyesta, nyuzi zinarukana na kung'ang'ania chuma. Fundi anayeiseti mashine Februari, hewa ikiwa na unyevu, asishangae Agosti soksi zikianza kubana. Kinachofanya kazi ni kuifuta njia ya uzi kila siku kwa kitambaa chenye spiriti, kumwagia sakafu maji asubuhi na kuhakikisha mashine ina waya wa ardhi. Hakuna fida itakayomwondolea mtu kazi hiyo.

Visahani na springi vina udhaifu mwingine usiotibika kwa kufuta: vinaweza kuongeza mkazo, haviwezi kuupunguza. Koni ikiwa mpya mkazo unaotoka ni mmoja, ikikaribia kwisha ni mwingine, na visahani vinaipokea tofauti hiyo jinsi ilivyo na kujumlisha ya kwao. Fundi mzuri anaijua hali hii. Anapitisha lastiki katikati ya kidole gumba na cha shahada, anasikiliza, analegeza skrubu robo mzunguko. Nimewatazama wakifanya hivyo kwa utulivu wa kuvutia, na soksi zao hutoka vizuri. Tatizo ni kwamba kidole hakihamishiki. Zamu ya usiku ina kidole kingine.

Ndipo fida zinapoingia, na hapa wataalamu wenyewe hawakubaliani.

Aina ya kwanza inashika urefu. Magurudumu yanazungushwa na mkanda uliounganishwa na mashine, koni ya lastiki inakaa juu yake na kuviringika, na kwa kila mzunguko wa silinda inayobeba sindano hutoka sentimita zilezile za lastiki. Kwenye mashine kubwa za duara za kufuma kitambaa cha fulana hii ndiyo njia iliyozoeleka, na kwa sababu nzuri. Mashine ya inchi 30 inaweza kuwa na njia za uzi zaidi ya 90, na mkanda mmoja unazilisha zote sawasawa kwa gharama ndogo kwa kila njia. Hakuna umeme wa ziada, hakuna programu. Fundi wa baiskeli angeielewa. Mwenye kiwanda anajua pia kwamba kilo moja ya lastiki itatoa mita zilezile za kitambaa, leo na kesho, na hesabu yake ya gharama haiyumbi.

Aina ya pili inashika mkazo. Kihisi kidogo mwishoni mwa kifaa kinausoma mkazo mara nyingi kwa sekunde, na mota inaongeza au kupunguza mwendo wa gurudumu ili usomaji ubaki kwenye namba uliyoweka. Sindano zikihitaji lastiki nyingi, inatoa nyingi. Zikisimama, inasimama. Hii inaweza kufanya kile ambacho visahani haviwezi: kuishusha lastiki iliyokuja imekaza.

Anayetetea urefu ana hoja nzito. Anasema mkazo ni kitu cha kupita, urefu ndio unaobaki ndani ya nguo. Ukilaza urefu ule ule wa lastiki kwenye kila mstari, soksi zote zitatoka upana mmoja, na mteja anayezipanga mezani na kuzipima kwa rula ataridhika. Hoja hiyo ni ya kweli ilimradi lastiki yote iwe ya ugumu mmoja.

Hapo ndipo karakana ndogo ya Dodoma inapotofautiana na kiwanda kikubwa. Kiwanda kinaagiza kontena zima lenye namba moja ya toleo, yaani lastiki iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Mwenye mashine mbili anapanda treni ya SGR, anashuka Dar es Salaam, anakwenda Kariakoo na kununua koni kumi kutoka kwenye katoni iliyofunguliwa, tano za toleo hili, tano hazina hata karatasi. Tuseme toleo la pili ni gumu kuliko la kwanza kwa asilimia 20. Kwa fida inayoshika urefu, shingo ya soksi itambana mtoto kwa asilimia 20 zaidi, moja kwa moja. Upana wa mezani hautasema kitu, kwa kuwa urefu ni uleule. Rula imepita, mguu umelalamika.

Sasa chukua fida inayoshika mkazo. Silinda ya inchi 3.5 ina mzunguko wa karibu sentimita 28. Lastiki inalala kwenye mzunguko huo ikiwa na mkazo wa, tuseme, gramu 4. Soksi ikitoka, lastiki inajirudi na shingo inakuwa nyembamba. Mguu wenye mzunguko wa sentimita 28 ukiingia, unairudisha lastiki pale pale ilipokuwa juu ya sindano, na kila mstari unabana kwa karibu gramu zilezile 4. Iwe lastiki laini au ngumu, jibu ni moja, kwa sababu kilichowekwa ni nguvu yenyewe. Mguu ukiwa mwembamba kuliko silinda, ugumu unaanza tena kuonekana, na lastiki ngumu ndiyo itakayolegea haraka zaidi, kwa hiyo saizi ya silinda na saizi ya mtoto zisiachane sana. Lakini kwa mnunuzi wa koni mchanganyiko, kinga hii ni kubwa, na kwangu ndiyo inayoamua mjadala kwa upande wa soksi.

Ipo sababu nyingine inayosukuma upande huohuo. Mashine ya soksi haili lastiki mfululizo kama mashine ya fulana. Inakula kwenye shingo, inaacha ikifika mahali pasipo na lastiki, kisigino kinafumwa silinda ikienda mbele na nyuma, kisha soksi nyingine inaanza. Gurudumu la mkanda linahitaji klachi ya kulisimamisha kwa wakati, na likichelewa kidogo lastiki inajilundika imelegea, mistari ya mwanzo ya soksi inayofuata inatoka mipana. Fida inayoshika mkazo inafuata mlo huo yenyewe.

Wapinzani wa fida hii ya kielektroniki, inayoshika mkazo, wasipuuzwe. Umeme ukiyumba, bodi ndogo inaungua na mashine nzima inasimama, wakati springi haijui hata kama umeme umeyumba. Kihisi kikishika vumbi, sifuri yake inahama. Kinaandika gramu 4 huku lastiki ina 5, na mwenye mashine anaiamini namba kuliko macho yake. Kosa la kidole cha fundi hubadilikabadilika na huonekana mapema, kosa la kihisi hurudiwa kwa usahihi uleule kwenye dazeni mia. Mtaalamu wa kukirekebisha huenda yuko Dar es Salaam au mbali zaidi. Na fida inayoshika mkazo haishiki matumizi: toleo gumu litavutika kidogo na kula lastiki nyingi, kwa hiyo gharama kwa jozi itapanda bila mwenye karakana kuambiwa. Hizi ni hasara za kweli. Zinapunguzwa kwa stabilaiza nzuri, kwa kuangalia sifuri kila zamu uzi ukiwa umetolewa, na kwa kupima soksi tupu kwenye mizani ya dukani kila baada ya dazeni kadhaa, lakini haziishi.

Ndiyo maana siwashauri wote wakimbilie fida. Kabla yake kuna kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia mkazo, chenye vijigurudumu vitatu ambavyo uzi unapita katikati yake. Mwenye karakana akikitia kwenye njia ya lastiki karibu na sindano, mashine ikiwa inazunguka, ataona mwenyewe namba inavyocheza kati ya koni mpya na koni inayokwisha. Kama inacheza kidogo, visahani vinatosha. Kama inaruka maradufu, ana sababu ya kutumia pesa. Karakana kadhaa zinaweza kuchangia kimoja, na ningependa sana SIDO, shirika la viwanda vidogo, au chuo cha ufundi cha VETA kiwe nacho cha kuazimisha na kufundishia, kwa sababu kijana anayejifunza mashine akianza na namba, kidole chake nacho kinajifunza haraka.

Kupima koni kabla ya kuiweka mashineni hakuhitaji hata kifaa hicho. Kata mita moja ya lastiki kutoka kila koni, zining'inize msumarini sambamba, funga nati yenye uzito mmoja kwenye kila ncha. Zinazoshuka sawa zitumike pamoja. Zilizoachana zipangwe kwenye oda tofauti. Na koni zote zihifadhiwe gizani, ndani ya mfuko, hasa zile za mpira wa asili, kwa kuwa jua na hewa vinaupasua mpira.

Kwa sweta za shule jibu ni fupi. Mashine bapa ya mkono haina haja ya fida ya kielektroniki. Lastiki iliyovikwa nailoni, iliyofumwa pamoja na uzi mkuu kwenye ukingo wa kiuno na mikono, ina kikomo chake cha kuvutika na inasamehe makosa mengi. Pesa hiyo inunue uzi bora.

Kwa soksi, mwenye mashine nne na pesa ya fida moja aifunge kwenye mashine ya saizi ndogo kuliko zote, za chekechea na darasa la kwanza. Mtoto wa umri huo huvaa alichovalishwa na hasemi kama kinambana. Mashine nyingine tatu zitamsubiri msimu ujao, huku akiendelea kuzifuta kauri kila siku na kupima mkazo kila Jumatatu.