Nunua Lenzi, Achana na Bodi? Kesi ya 1100D na 90D

Waulize wapiga picha wa Nairobi kama ni busara kuuza Canon 1100D yako ya zamani ujikaze ununue 90D, na jibu litakuja upesi: achana na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, nunua lenzi. Wanaojibu hivyo si wajinga. Wengi walianzia chini kabisa, uani pa jumba la mikutano la KICC au kando ya bustani ya Jeevanjee, wakiwapiga wageni waliotoka bara na mahafali waliovaa majoho, na watoto wao walisomeshwa kwa kamera ambazo mwanafunzi wa leo angeona haya kuzitundika shingoni. Ushauri wao una uzito. Shida yake ni kwamba unaishia njiani, tena pale pale kazi ya kulipwa inapoanzia.

Kwa ufupi, 1100D ilitoka mwaka 2011 kama kamera ya mtu anayeanza: megapikseli 12.2, dola 599 huko Marekani pamoja na lenzi yake ya milimita 18-55. 90D ilitoka mwaka 2019: megapikseli 32.5, dola 1,199 bila lenzi. Zote zina sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya ukubwa mmoja, APS-C, na lenzi yoyote ya EF au EF-S, aina za Canon za kamera hizi, inayoingia kwenye moja inaingia kwenye nyingine. Ndiyo maana ubishi huu unanoga. Hakuna wa kutupa vifaa vyake vyote. Swali ni pesa za sasa ziende mbele ya kamera au nyuma yake.

Muuzaji wa mjini atakuvuta kwa megapikseli, na hapo wazee wana haki ya kumcheka. Megapikseli 32.5 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya 12.2, lakini picha haiongezeki upana kwa kiasi hicho. Inatoka pikseli 4,272 kwenda 6,960, yaani mara 1.6 hivi. Picha ya kawaida ya albamu, inchi 4 kwa 6, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji megapikseli mbili na kidogo tu. Karatasi nzima ya A4 haifiki tisa. Ukiiweka Instagram, itashushwa hadi upana wa pikseli 1,080, na WhatsApp nayo itaibana inavyojua yenyewe. Kwa hesabu hiyo 1100D inabaki na akiba. Kisha kuna gharama asiyoitaja muuzaji: faili za RAW za 90D, yaani picha ghafi kabla ya kubanwa, ni nzito zaidi ya maradufu, na laptopu iliyokuwa ikihariri harusi ya 1100D bila kulalamika itaanza kukohoa. Isitoshe, ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera ya zamani haina ukali wa kuzijaza megapikseli 32.5.

Hoja yao ya pili ina nguvu zaidi. Lenzi ya 18-55, ukiivuta hadi milimita 50, tundu lake halifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo toleo lake la STM la mwaka 2015 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za Canon, inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Maana yake ni kwamba pale 90D yenye lenzi ya kuanzia inapolazimika kupandisha ISO, wepesi wa kamera kwa mwanga unaoleta chengachenga ukizidi, hadi 6400, 1100D yenye 50mm inafanya kazi ile ile kwa ISO 640. Hakuna sensa mpya inayofidia tofauti hiyo. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, na hujapata mteja hata mmoja, mjadala umekwisha: chukua lenzi.

Lakini mwanga ukishaingia, kuna kazi ya kuuelekeza, na hapo ndipo 90D imekosa wa kuitetea. Piga uso wa mtu kwa 50mm f/1.8 ukiwa mita moja na nusu kutoka kwake. Sehemu iliyo kali kwa kina, kutoka mbele hadi nyuma, ni sentimita sita hivi. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo ni jicho au ni sikio, na kamera ndiyo inayoamua, kwa sababu kwa jicho lako, kupitia kile kitundu cha kuchungulia cha 1100D, huwezi kuona tofauti.

1100D ina pointi tisa za fokasi, yaani mahali ambapo kamera inaweza kulenga ukali wa picha. Kati ya hizo, ni moja tu, ile ya katikati, inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Nane zilizobaki husoma mistari ya upande mmoja tu. Mchana, kwenye kitambaa chenye maua, hutaona tofauti. Usiku, kwenye shavu laini lililopakwa poda, pointi ya pembeni inaanza kutafuta: lenzi inaenda mbele, inarudi nyuma, inaenda tena, na bibi harusi keshapita. Ndiyo maana karibu kila mwenye 1100D hujifunza mbinu moja: fokasi kwa pointi ya katikati, shikilia kitufe cha shata nusu, kisha sogeza kamera upange picha. Kwa lenzi ya 18-55 kwenye f/5.6 mbinu hiyo haina neno. Kwa f/1.8, kule kusogeza kwenyewe kunatosha kuzitoa zile sentimita sita kwenye jicho na kuzipeleka kwenye hereni.

Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo ushauri wa wazee unapojikwaa. Lenzi wanayoipendekeza kwa kamera ya zamani ndiyo hasa inayoufichua udhaifu wake. 90D ina pointi 45, na zote zinasoma pande zote mbili. Unaweka pointi pale jicho lilipo tangu mwanzo, bila kusogeza chochote. Na giza likizidi, pointi yake ya kati inaendelea kufanya kazi hadi EV -3 (EV ni kipimo cha mwanga, na kila namba moja chini ni nusu ya mwanga), ilhali 1100D inaishia EV 0. Kwa lugha ya kawaida, 90D inaweza kufokasi kwenye mwanga hafifu mara nane kuliko ule unaoishinda 1100D.

Wasiofanya kazi hii huona hizo ni namba tu. Chukua ukumbi wa harusi wa Rongai saa moja na nusu usiku. Mwenye disko amewasha taa za zambarau, MC ameita maarusi, na wasichana wa maua wanaingia wakicheza. Hakuna anayesimama. Una sekunde chache kati ya mlango na meza kuu, na flashi yako haifai kuwaka kila mara kwa sababu mwenye video amekwisha kulalamika. Piga kumi kwa 1100D kwa zile fremu zake tatu kwa sekunde, kisha tazama skrini: zote ni kali. Au ndivyo zinavyoonekana. Skrini yake ni ya inchi 2.7 yenye nukta 230,000, na kwa nukta hizo picha iliyokosa fokasi kidogo haitofautiani na iliyopata. Utaujua ukweli ukifika nyumbani na kufungua laptopu, maarusi wakiwa wameshaondoka kwenda Diani. Skrini ya 90D ina nukta zaidi ya milioni moja. Unakuza picha kwa kidole, unaliona jicho, na ukikosa, unakosa mahali ambapo bado unaweza kupiga tena.

Mzee mmoja wa studio ya River Road aliwahi kuniambia, “Kijana wangu, miaka yote hii hakuna mteja aliyeniuliza natumia kamera gani.” Kweli kabisa, mzee. Ila wateja huuliza mbona mama mzazi ana ukungu usoni katika ile picha pekee aliyoshikana mkono na mkwe wake.

Kuna jambo jingine dogo linalowaponyoka wengi. Lenzi na bodi hutoka kiwandani na hitilafu ndogo ndogo, na si ajabu 50mm yako ifokasi sentimita mbili nyuma ya pale ulipoiambia. 90D ina mahali kwenye menyu pa kusahihisha hilo kwa kila lenzi na kulikumbuka. 1100D haina. Ukiangukia jozi isiyoelewana, utabaki kulaumu mikono yako mpaka mtu akueleze.

Mchana nao una yake. Harusi za hapa mara nyingi zina kipindi cha picha baada ya kanisa, Arboretum au Karura, jua likiwa utosini. Kwa jua kali la namna hiyo, ISO 100 na tundu la f/1.8 vinadai kasi ya shata ya 1/8000 hivi. 90D inafika hapo. 1100D inakomea 1/4000, kwa hiyo ama ubane lenzi, ama ununue kichujio cha kupunguza mwanga, ama ukubali gauni jeupe liungue lisibaki na hata mkunjo mmoja. Wengi hupunguza mwanga kuokoa gauni, na nyuso zetu nyeusi zinaangukia gizani. Kuzinyanyua baadaye kwenye kompyuta ndiko kunakoonyesha umri wa sensa: za Canon za kizazi kile zikivutwa kivuli hutoa chengachenga na mistari, hasa kwenye suti nyeusi na chini ya kidevu. Canon walilipunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa kuanzia 80D ya mwaka 2016, na 90D imefuata nyayo hizo. Kwa mpiga picha wa Stockholm huenda hilo likawa jambo la pembeni. Kwa anayepiga watu weusi waliovaa nyeupe chini ya jua la ikweta, ni kazi ya kila Jumamosi.

Video sitaichambua sana. 1100D inarekodi 720p na haina pa kuchomeka maikrofoni. 90D inarekodi 4K, ina tundu la maikrofoni na la kusikilizia. Mteja anayetaka picha pamoja na vipande vya kuweka TikTok hana kazi na 1100D.

Sasa upande wa pili upewe haki yake. 90D ina nafasi moja tu ya memori kadi, dosari kubwa kwa kamera ya kazi zisizorudiwa. Nikon D7200 ya mwaka 2015 ina mbili. Tena 90D ina gramu 701 dhidi ya 495 za 1100D. Na kamera inayonunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba ili kusubiri wateja ambao hawajatokea ni mzigo, hata ingekuwa na pointi mia. Anayejifunza hana hasara yoyote akikaa na 1100D mwaka mzima. Ina modi ya mkono, ambapo wewe ndiye unayepanga kila kitu, ina RAW, na uhusiano wa mwanga, tundu na shata ni ule ule.

Wapo wanaosema hata kile kigurudumu chake kimoja kinafundisha subira. Kwenye modi ya mkono, ukitaka kubadili tundu la lenzi kwa 1100D unabonyeza kitufe cha Av kwa kidole gumba na kukishikilia huku ukizungusha kigurudumu kile kile kinachobadili shata. 90D ina magurudumu mawili, kila moja na kazi yake. Naielewa hoja ya subira. Siielewi pale bwana harusi anapotoka kwenye kivuli cha hema na kuingia juani, na wewe bado unatafuta kitufe.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayeomba ushauri si ana lenzi gani, ni kama kuna mtu anayemlipa. Kama hakuna, lenzi ya 50mm, na basi. Kama yupo, na hasa kama tayari ana hiyo 50mm na anaona nusu ya picha zake za usiku hazina jicho kali, kumwambia tena anunue lenzi ni kumzungusha. Lenzi anayo. Kinachomkwamisha kiko nyuma yake.

Na wakati huu unamfaa. Tangu 850D ya Februari 2020, Canon hawajatoa DSLR mpya, yaani kamera zenye kioo ndani kama hizi mbili. Nguvu zao zimehamia kamera zisizo na kioo za mfumo wa EOS R ulioanza mwaka 2018, na wenye pesa wanahama nazo wakiuza walizokuwa nazo. Anayetishwa kwamba DSLR zimekufa akumbuke kwamba lenzi zake za EF zitaingia kwenye EOS R kwa adapta siku akihama. Tena si lazima iwe 90D. 80D iliyotumika ina megapikseli 24.2, pointi zile 45, EV -3, 1/8000, ile menyu ya kusahihisha lenzi na tundu la maikrofoni, na haiui laptopu. Ningeitazama hiyo kwanza. Ukienda dukani beba 50mm yako na kadi yako, ifungue f/1.8, mwombe muuzaji asimame kwenye kona yenye giza kuliko zote, pointi iweke pembeni juu ya jicho lake, piga ishirini, kisha kaa pale pale dukani uzikuze moja moja kabla hujatoa simu kulipa.