Kaka, Pipi!

Kihispania changu nilikiokota ufukweni. Miaka sita ya kutembeza wageni, asubuhi mashamba ya viungo, jioni Mji Mkongwe, mpaka nikawa naweza kueleza karafuu, mdalasini na bei bila kuumauma maneno. Kikanitosha. Sasa mwalimu mkuu wa skuli ya jirani, ambaye ndiye aliyenifundisha hesabu na mpaka leo huniangalia kama anasubiri jawabu, akaniita: "Mwanangu, wageni Wahispania wanazidi. Njoo Jumamosi uwafundishe watoto maneno mawili matatu." Ungekataa wewe?

Siku ya kwanza watoto wakaniamkia, "Shikamoo mwalimu!" Nikaona haya, maana mwalimu mwenyewe alikuwa kasimama mlangoni. Nikawaambia, "Mwalimu ni yeye. Mimi niiteni kaka tu."

Kumbukeni hilo.

Nilikuwa nimebandika vikaratasi kila mahali: la mesa kwenye meza, la bandera kwenye bendera. Darasa likaangua kicheko. "Kaka, hiki ni Kihispania au ni Kiswahili kilichokosewa?" Nikajitia mwanahistoria. Nikawasimulia Wareno, walioingia pwani hii na Vasco da Gama mwaka 1498, hata Waomani wakaja kuwang'oa Fort Jesus mwaka 1698. Watu wakaenda zao, meza na bendera wakatuachia, na Kireno na Kihispania ni watoto wa mama mmoja. Nikaongeza kwamba azúcar ni sukari na aceituna ni zaituni, kwa kuwa wao kama sisi waliyapata maneno hayo kwa Waarabu. Nilijiona profesa. Kumbe nimewafundisha watoto kwamba kila neno la Kihispania, ukilisikiliza vizuri, ni la kwao.

Nikainua picha ya ng'ombe. "Vaca," nikasema, na v hiyo hutamkwa kama b.

"Paka!" darasa zima.

"Si paka, ni ng'ombe."

"Mbona wewe umesema paka?"

Nikaona nitoe picha ya paka yaishe. "Gato." Kijana mmoja wa nyuma, ambaye baba yake ni mchukuzi bandarini, akauliza, "Gati la boti, kaka?"

Nikahamia kwenye familia. Mi papá es pescador, baba yangu ni mvuvi. Pakawa kimya. Hawa ni watoto wa wavuvi, bahari hawafundishwi. Binti mmoja akanyoosha mkono taratibu: "Kaka, papa anavua au anavuliwa?" Nikaeleza kwamba sauti inapanda mwishoni, pa-PAA. Wakaitikia vizuri kabisa, pa-PAA, huku madaftari yote, chini ya kichwa cha habari "Familia yangu", yakijaa samaki mwenye meno.

Ya el na la siyasemi. Niliulizwa gauni ni la kike au la kiume, nikajibu kwa unyonge kwamba ni la kiume, el vestido. "Na tai?" Ya kike, la corbata. "Aliyegawa alikuwa kasinzia?" Sina jibu mpaka leo.

Basi Jumamosi ya mwisho nikataka kuaga kwa kishindo. Nikatengeneza piñata, lile dude la karatasi ambalo watoto wa Mexico hulitundika na kulipiga fimbo, macho yamefungwa, mpaka lipasuke limwage peremende. Nikachukua puto, magazeti, gundi ya unga wa ngano, na pembe saba za boksi. La asili lina pembe saba, ndizo dhambi saba kubwa. Nikalianika juani siku nne. Jua letu mnalijua. Nilipoligonga kwa kidole lililia kama mlango wa msaji. Nikatia pipi kilo mbili.

Darini hapakuwa na ndoana. Palikuwa na pangaboi. Umeme ulikatika tangu alfajiri, nikaona Mungu kanirahisishia, nikalifunga hapo.

Tena, kwa majivuno tu, nilimwalika mgeni: mama mmoja wa Kihispania, mwalimu mstaafu wa chekechea, niliyemtembeza shambani jana yake. Nikamweka kiti cha mbele. Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "pole pole".

Watoto arobaini wakapokezana, kanga machoni, wenzao wakipiga kelele "¡Dale!", yaani lipige. Fimbo ikavunjika. Dude likatutazama.

Hapo umeme ukarudi.

Swichi hakuna aliyeizima, na ilikuwa namba tano. Dude likaanza kuzunguka polepole, kama harusi inavyozungushwa mtaani. Watoto wakashangilia. Likakaza mwendo. Dhambi ya kwanza ikachomoka ikatokea dirishani. Ya pili ikampata mwalimu mkuu begani. Kisha kamba ikakatika, dude likaenda ubaoni, pwaa, na pipi zikamwagika kila upande.

Watoto wote arobaini wakachutama sakafuni, wanang'ang'ania, wanapiga kelele: "Pipi! Kaka, pipi! Kaka! Pipi!"

Nikaona uso wa yule mama. Nikakumbuka. Na nilikuwa najua, ufukweni tumelichekea miaka! Kwa mtoto wa Kihispania, pipí ni haja ndogo. Caca ni ile kubwa.

Katoto kadogo kuliko wote, kaliyekosa hata moja, kakaja kunivuta shati kakilia, "Kaka, pipi! Kaka, pipiii!" Mama wa watu, miaka yote ile ya chekechea, hakuhitaji kuelezwa. Alikanyanyua kwapani, mbio kuelekea chooni, "¡Ya casi, ya casi!", tunakaribia, tunakaribia. Katoto kakaona pipi zinabaki nyuma, kakazidi kulia. Kila kakilia "pipiii", mama anaongeza mwendo.

Nikawafukuzia, nikipiga kelele kwa Kihispania changu cha bei na karafuu: "¡No, señora! ¡Pipi es caramelo!"

Alisimama ghafla mlangoni pa choo. Ndipo sikio langu lilipoupata mdomo: nimemwambia mkojo ni peremende. Akamkumbatia mtoto, akarudi hatua moja nyuma.

Aliyeniokoa ni mwalimu mkuu, aliyefika akihema, bega amelishika. Akafungua kiganja, pipi moja nyekundu. "Pipi," akasema. Mama akaitazama. Akaniangalia mimi, akaitazama tena ile pipi. Uso ukaanza kulegea.

"¿Pipi?" akauliza.

"Pipi," mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

"¿Y... caca?"

Mwalimu mkuu, ambaye Kihispania hajui hata neno, bila kusita akaninyooshea kidole.