Safari ya mtumbwi haipangwi kwa WhatsApp

Grupu yetu imewaka tena wiki hii. Kuna mmoja katuma video ya wazungu wako ndani ya kayaki mto fulani huko Marekani, maji kama kioo, hema limepigwa kando, samaki juu ya moto, na chini yake kaandika "Wakuu, Pasaka twende Sabaki, kulala ni huko huko." Dakika kumi hazijaisha watu kumi na mmoja washaweka dole. Mie nikaandika siendi, basi nikaitwa muoga. Sawa, wacha niueleze huo uoga wangu.

Mto Sabaki una viboko na mamba, na mto Tana ndo usiseme. Kiboko apindua mtumbwi wa mbao mzito na watu ndani, sembuse kayaki ya plastiki unayoibeba begani. Halafu Pasaka yaja na masika, na mito hii haingoji mvua ya kwetu ndo ijae. Tana yatoka huko Mlima Kenya na Aberdare, yateremka kilomita kama 1,000 mpaka Kipini, kwa hivyo waweza kuwa Garsen jua lakuchoma utosi, wingu hata moja hakuna, na usiku maji yakupandie umelala kwa sababu ya mvua ilonyesha bara siku kadhaa nyuma. Sabaki nayo ni ile ile Athi ya upande wa Nairobi, ikikutana na Tsavo yaitwa Galana, ikifika kwetu Pwani ndo Sabaki, na kila uchafu ilobebeshwa njiani yaja nao. Mtu akinambia lazima Tana basi namwambia ingia na Mpokomo alozaliwa hapo, kwa mtumbwi wake yeye, na ulale kijijini sio ukingoni. Kinyume cha hapo mie simo.

Sisi watu wa Mombasa tuna kriki hapa hapa, mikono ya bahari iingiayo bara, na twaziruka kama hazipo. Tudor, Port Reitz, Mtwapa. Zote juu huko zapokea mito, zote zina mikoko, na samaki wa bahari waingia wenyewe. Mtwapa upande wetu kuna Shimo la Tewa, yaani la samaki chewa, jina lenyewe lakwambia watu wa zamani walikuwa wakivua nini hapo. (Tudor siipendi, maji machafu ya mji yaishia mle, lakini hilo ni la siku nyengine.)

Sasa mwaka jana tulienda Mtwapa watu wanne, mitumbwi miwili ya kukodi, na hapo ndo nilipata akili. Tulichagua Jumamosi kwa sababu ndo watu hawaendi kazini. Hakuna alouliza mwezi wa Kiislamu ni tarehe ngapi. Kumbe mwezi 15, bamvua yenyewe, siku maji yajaa sana na kupwa sana. Tukaingia majini saa 2 asubuhi tukipiga kafi kuelekea juu, twajiona mashujaa, mbona mtumbwi mzito hivi, kafi hazivuti, mikono yawaka moto, na ikifika saa 4 mtumbwi umekaa juu ya tope kama kuku alaliae mayai. Ukishuka wazama mpaka mapajani. Tulikaa hapo jua la utosi mpaka saa 7, mahamri yameisha, maji ya kunywa yamebaki chupa moja. Akapita ami mmoja mvuvi kwa miguu atoka kutega, nikamuuliza, ami, mbona maji yametukimbia? Akacheka. "Hayajawakimbia wanangu, nyinyi ndo mumekuja yakiwa yaondoka. Kwani nyumbani kwenu hamna kalenda?"

Kalenda iko! Iko ukutani jikoni, ile yenye tarehe za Kiislamu, mamangu aitazama kila siku. Bamvua ya Mombasa maji yajaa saa 10 hivi, yakupwa saa 4, asubuhi na usiku sawa, na tofauti ya kujaa na kupwa yapita mita 3. Kila siku yachelewa kama dakika 50. Ukijua hayo mawili washajua karibu safari yote.

Na bado hatukukoma. Magharibi tukaona mchanga msafi umetokea, laini, tukapiga hema hapo. Nani kasafisha mchanga ule? Hatukujiuliza. Saa 10 usiku nikaota niko bafuni, kuamka godoro laelea na samaki wetu wawili, changu, washarudi kwao.

Kwa hivyo rai yangu ni hii, kwa watu kama sisi tunaojifunza, nendeni maji mafu, siku maji yajaa na kupwa kidogo, tarehe 7 au 8 ya mwezi wa Kiislamu, au 21, 22. Maji hayana nguvu, yajaa saa 4 asubuhi hivi, ukitoka saa 2 yakusukuma mwenyewe mpaka juu, na usiku yakijaa uko macho waona yamefika wapi. Wavuvi watakwambia bamvua ndo samaki atembea, na ni kweli, lakini wao wajua njia ya kurudi. Miezi ni Januari na Februari, kaskazi. Kusi ya Juni na Julai upepo wa mchana utawarudisha nyuma hata ndani ya kriki.

Mengine ni madogo. Maji ya kunywa beba lita 4 kwa mtu kwa siku, kriki yote ni chumvi. Makaa na jiko toka nyumbani, msiguse mikoko, kukata bila kibali ni kesi. Upo wa kukumbia maji, kamba ndefu, chandarua, na jaketi la kuokolea livaliwe, sio likaliwe. Mahali pa kulala ombeni kwa wenyewe, na muwaambie watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kisimamiacho ufuo, pale muendako ili mkichelewa kuwe na mtu ajuae.

Haya yote nimeyatuma kwa grupu. Katika wale kumi na mmoja wamejibu watatu, na mmoja auliza kama huko kuna pa kuchaji simu.