Baba Mkwe Apeleka Matufaa Rotterdam

Mtaani kwetu Ilazo, hapa Dodoma, kijana akitaka kutumia fedha zake kununua gemu hupita kwangu kwanza, kwa sababu ninasifika kwa kutabiri kama mtu ataufurahia mchezo wa kompyuta hata kabla hajaugusa. Sifa hiyo sikuiokota njiani. Nimefuatilia kwa miaka mingi jinsi watu wenye akili timamu wanavyonunua mchezo kwa kuangalia picha zake za matangazo, kisha wakabaki wameshika vichwa. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa E.T. ambao mtaalamu wake alipewa takriban wiki 5 tu za kuuandika, na shehena ya kaseti zilizokosa wanunuzi ikaishia kufukiwa jalalani katika mji wa Alamogordo, Marekani, zikafukuliwa mwaka 2014 kama mabaki ya kale. Agosti 2016 ulitoka No Man's Sky wenye sayari zisizohesabika, na wanunuzi wengi wakalalamika kwamba hawakukuta huko mambo waliyoyatarajia, ingawa watengenezaji waliendelea kuurekebisha hadi ukapendwa. Desemba 2020 ikawa zamu ya Cyberpunk 2077, ambao Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni kwa miezi kadhaa kutokana na hitilafu zake, na wateja wakarudishiwa fedha.

Kutokana na misiba hiyo ya watu wengine nilijitungia kanuni yangu. Usiulize mchezo una hadithi gani wala mandhari yake ni mazuri kiasi gani. Uliza mikono ya mchezaji itakuwa inafanya nini hasa pale msisimko wa mwanzo utakapokwisha, kisha uulize kama mhusika amewahi kuifanya kazi ya namna hiyo bila kulipwa na bila kunung'unika. Kwa kanuni hiyo nimewazuia vijana wengi wasinunue michezo ya kujenga miji, kwa kuwa walikuwa watu wasioweza hata kupanga viatu vyao mlangoni.

Ndipo ikaja zamu ya baba mkwe. Mzee huyu alitumia ujana wake wote akiendesha malori ya mizigo kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida hadi Rusumo, mpakani na Rwanda, na kutoka hapo kwenda Kigali au Bujumbura. Tangu alipostaafu anaishi Mpunguzi na shamba lake la zabibu, na kila akija kututembelea huketi barazani, akafumba macho na kuyataja malori yanayopita barabara kuu kwa kusikia muungurumo wake tu, akieleza lipi limezidisha uzito na lipi dereva wake hajui kubadilisha gia. Mtu anayefanya kazi ya udereva akiwa amekaa barazani, macho yamefumbwa na hakuna anayemlipa, ni mtu ambaye kanuni yangu imemtabiria tayari.

Mchezo niliomchagulia ni Euro Truck Simulator 2, uliotengenezwa na SCS Software ya mjini Prague na kutolewa mwaka 2012. Ndani yake hakuna vita wala zimwi. Mchezaji hupewa lori, huchukua mzigo katika mji mmoja wa Ulaya, huufikisha katika mji mwingine akifuata sheria za barabarani, na akizivunja hutozwa faini. Mimi binafsi nilitabiri kwamba ungeniua kwa kuchoka, nami sikuwa na nia ya kuucheza. Kwa tahadhari niliununua Steam, kwa sababu duka hilo humrudishia mnunuzi fedha zake ikiwa ataomba ndani ya siku 14 na hajaucheza mchezo kwa zaidi ya saa 2. Saa 2, kwa maoni yangu, zilimtosha mzee kuamua.

Usukani wa plastiki na pedali zake niliviazima kwa kijana mmoja mwenye banda la gemu kule Majengo, kwa sharti la kuvirudisha jioni ileile. Usukani niliubana kwenye ukingo wa meza ya kahawa. Pedali zilikuwa na tabia ya kuteleza juu ya vigae kila zinapokanyagwa, nikazikaza kwa kuziegemeza kwenye mguu wa meza ya televisheni, ambayo haikuwa mbali. Ninaueleza mpango huu kwa undani kwa sababu baadaye ulijadiliwa sana.

Mzee alifika Jumamosi mchana na ungo wa zabibu aliopewa na mama mkwe, nao ukawekwa sakafuni mbele ya televisheni, kwa kuwa meza ya kahawa ilikuwa imeshageuka lori. Mke wangu alikuwa ameenda Sabasaba sokoni. Baada ya shikamoo na habari za Mpunguzi, nilimketisha mzee kwenye usukani, nikamweleza kwamba amekabidhiwa mzigo wa matufaa kutoka Dortmund, Ujerumani, kwenda Rotterdam, Uholanzi, mwendo unaokaribiana na ule wa Dodoma hadi Singida.

"Karatasi za mzigo ziko wapi?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba karatasi zimo ndani ya kompyuta. Hakuridhika, lakini alinyamaza, akaanza kulikagua gari. Alinitaka nilizungushe pande zote kwa kamera, akayatazama matairi moja baada ya jingine, akauliza maji na oili vimepimwa na nani, akasogelea kioo mpaka pua ikagusa ili aone kama tela limefungwa sawasawa. Usukani wa lori lile ulikuwa upande wa kushoto, na magari ya pale hupita kulia, jambo ambalo nilidhani lingemsumbua. Halikumsumbua hata kidogo. "Kumbe tumeshavuka Rusumo," alisema, akakaa vizuri.

Kisha akatangaza kwamba gari haliondoki bila utingo.

Msomaji aliyeoa Ugogoni atanielewa. Mkwe hukatazi. Nilijaribu kueleza kwamba mchezo ule hauna nafasi ya utingo, naye akanijibu kwa upole kwamba nafasi ipo, ni pale kushoto kwake, na kwamba nivue viatu vya ofisini. Kuanzia hapo nikawa na kazi ya kuangalia kioo cha upande, kumtilia chai kutoka kwenye chupa, na kugonga bodi. Kugonga mara mbili maana yake twende. Kugonga mara moja kwa nguvu maana yake simama, kuna hatari. Bodi ilikuwa ubavu wa meza ya televisheni. Niligonga mara mbili, tukaondoka Dortmund.

Nakiri aliendesha kwa ustadi ambao sijauona kwa kijana yeyote wa Majengo. Alibadilisha gia kwa kusikiliza injini, hakuovateki ovyo, na kila lori lililotujia kutoka mbele alilipungia mkono na kulisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi". Kamera ya barabarani ilipomnasa akiwa amezidisha mwendo kidogo na faini ikakatwa papo hapo kwa euro, alipunguza mwendo na kutazama huku na huku. "Trafiki mwenyewe yuko wapi?" aliuliza. "Mtu anakutoza bila hata salamu, bila kukupa nafasi ya kujieleza!" Nilimweleza kwamba huko mambo hufanywa na mashine. Alisikitika kwa ajili ya Ulaya nzima.

Muda si mrefu akaegesha kando ya barabara kuu, kwa sababu matairi yakishika moto lazima yapumzishwe, na dereva naye lazima ale. Nikampakulia ugali na mlenda. Sasa, katika mchezo ule saa hukimbia karibu mara 19 kuliko saa ya kawaida lori linapokuwa nje ya miji, ili safari ya nusu siku isimalize nusu siku. Mzee hakulijua hilo. Jua la Ujerumani lilizama wakati ananawa mikono, na kabla hajamaliza kunisimulia jinsi lori lilivyomfelia breki kwenye mteremko wa Sekenke, kukapambazuka. Alilitazama dirisha letu, ambako bado ilikuwa alasiri, akaitazama televisheni, akaitazama saa yake ya mkononi na kuitikisa.

Kwa kuwa usiku mzima ulikuwa umepita, ikatokea alama ya kuonyesha kwamba dereva amechoka na anahitaji kulala. Kulala katika mchezo ni kufika sehemu ya mapumziko na kubonyeza kitufe kimoja, nikamwambia hivyo. Mzee alinitazama kwa muda mrefu. Akasema kwamba kwenye barabara ya Singida amewazika wenzake kadhaa waliodhani usingizi unabonyezwa, kisha akapanda kwenye kochi, akajifunika kitenge cha mke wangu na kulala usingizi wa kweli. Mchezo ulikuwa umewashwa. Nilisimama katikati ya sebule nikizitazama zile saa 2 za Steam zikiyeyuka pamoja na fedha zangu, na sikuthubutu kuuzima, kwa maana utingo hazimi gari la bosi wake.

Alipoamka ziliyeyuka zilizobaki, kwa sababu mpakani mwa Uholanzi alisimama tena akitafuta foleni ya forodha. Mpaka usio na geti, usio na wabadilisha fedha na usio na hata mtu mmoja anayelala chini ya tela ulimtia shaka kubwa kuliko ile faini. Alisubiri agongewe muhuri. Ilibidi nichukue daftari la mjukuu wake na kuligonga kwa kizibo cha soda, ndipo tukapita.

Rotterdam tulifika tukiwa tumechelewa sana, malipo yakiwa yamepunguzwa, na ikabaki kazi moja tu ya kulirudisha tela kinyumenyume hadi penye alama ya kushushia mzigo. "Shuka," mzee aliniamuru. Niliuliza nishukie wapi. Alinyoosha kidole nyuma ya televisheni. Nikajipenyeza kati ya meza ya televisheni na ukuta, mahali ambapo sikuona chochote isipokuwa nyaya na vumbi, nikaanza kumwongoza kwa kubahatisha kama nilivyowasikia matingo wa kituo cha mabasi: "Njoo! Njoo! Njoo! Kata kulia! Njoo!" Nasikia alikuwa akiingia vizuri ajabu.

Wakati huohuo yule kijana wa Majengo alifika kuchukua usukani wake. Geti letu ni la chuma, naye ni kijana mwenye afya. Akaligonga mara moja, kwa nguvu.

Baba mkwe alikanyaga breki kwa mguu uliozoea kuzuia tani nyingi kwenye mteremko. Pedali hazikuwa na pa kwenda ila kwenye mguu wa meza. Meza ikarudi nyuma na kunibana ukutani kuanzia magotini. Televisheni, iliyobaki bila kitu cha kusimamia, ikainama mbele kwa heshima zote na kulala kifudifudi juu ya ungo wa zabibu za Mpunguzi. Ukimya ulidumu kidogo. Kisha nikaisikia sauti ya mzee, tulivu kabisa: "Mtu yeyote asiguse kitu."

Alimtuma mjukuu wake akakate matawi ya mwarobaini. Matawi yakapangwa kwa umbali unaostahili, mawili barazani, moja mlangoni na moja kwenye zulia, ili magari yanayokuja yajue kwamba mbele kuna ajali. Kijana wa Majengo aliombwa asiondoke kwa kuwa ni shahidi. Mimi nilikuwa bado nimebanwa, na nilipoomba nitolewe niliambiwa nivumilie kwanza mpaka vipimo vichukuliwe. Katika hali hiyo mke wangu akarudi kutoka sokoni, akayafuata matawi hadi sebuleni, akasimama na vikapu vyake.

"Pita pembeni, mwanangu," baba yake alimwelekeza. "Kuna gari limepata matatizo."

Zabibu zilikuwa mbivu na laini, hivyo kioo hakikupasuka, ila tangu siku ile kina mstari wa kijani uliosimama wima upande wa kulia, na sauti hutoka kama ya mtu aliyejaza maji mdomoni. Uchunguzi ulifanyika palepale juu ya chai. Mzee alieleza kwamba dereva alitii ishara kama inavyotakiwa, kwamba shahidi amekubali kuwa mlio ulikuwa mmoja na wa nguvu, na kwamba utingo mwenye akili hasimami kati ya gari na ukuta. Nilikumbusha ni nani aliyenituma huko. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, tena uleule uliokuwa na maumivu.

Jioni, nikimsindikiza kwenye daladala, nilimuuliza jambo ambalo ndilo hasa nililolitaka tangu asubuhi, yaani kama ameufurahia mchezo. Kanuni yangu bado naishikilia. Nilihitaji tu kauli yake kwa ajili ya kumbukumbu.

"Mchezo gani?" alisema. "Mimi leo nilikuwa kazini." Akanyoosha mkono kudai posho ya safari, nami nikamlipa.

Siku chache baadaye alinipigia simu kutoka Mpunguzi akiuliza kama matufaa yameshashushwa, maana matunda hayangoji. Nikamjibu kwamba lori bado liko Rotterdam pale alipoliacha. Akasema atakuja Jumamosi kulimaliza, ila nafasi ya utingo ameshampa mjukuu wake, ambaye mwili wake ni mdogo na hauwezi kubanwa ukutani. Mimi nibaki ofisini nishughulikie bima.